Staa Anaondoka na Picha, Dogo wa Manundu Anabaki na Kesi

Kiki zimehama mjini. Zamani staa akitaka azungumzwe wiki nzima alikodi gari la bei mbaya, akamwaga noti kitandani, au akatangaza ameachwa. Siku hizi anaingia porini. Anavaa buti ndefu, kofia pana na nguo za mabaka mabaka, ambazo zenyewe tu zinaweza kumfanya raia wa kawaida aitwe pembeni na kuulizwa kazitoa wapi. Anashika bunduki ya mtu, anaweka mguu mgongoni kwa mnyama aliyelala, anapiga picha. Chini anaandika: "Siku ya kwanza kuwinda. Hobi mpya." Machawa wanajaza alama za moto, mashabiki wanabishana ile bunduki ni ya aina gani, na kabla ya usiku kurasa zote za udaku zimeshaibeba.

Wameanza kuwa wengi. Yupo msanii, yupo mrembo wa matangazo ya vipodozi, yupo bosi kijana ambaye hakuna anayejua anauza nini ila kila mtu anajua anaendesha nini. Majina kapuni, maana mtindo wao ni mmoja na akitajwa huyu wale wengine watajifanya haiwahusu.

Kuwinda chenyewe hakina ubaya. Mtanzania ana haki ya kuwinda, ipo kisheria, na kwa baadhi ya jamii ni maisha yao toka enzi na enzi. Ubaya ni namna hawa wanavyoanza: wanaruka leseni, wanaruka mafunzo, wanaruka hata kuuliza pori ni la nani, halafu mzigo wote wanamtupia kijana mmoja wa mkoani ambaye hata kwenye picha hayupo.

MCHONGO UNAVYOCHEZWA

Ichukuliwe Manundu, pale Korogwe mjini. Ni katikati ya njia. Anayetoka Dar kwenda Moshi au Arusha lazima aipite Korogwe, na anayetaka kukata kwenda Handeni naye anaanzia hapo hapo. Kuna stendi, kuna wauza machungwa, kuna mama lishe, na kuna vijana wa bodaboda wanaozijua njia zote, za lami na za mbuzi. Kuanzia mashamba ya mkonge hadi vichaka vya upande wa Handeni, wapo watoto wa pale wanaoweza kupita usiku bila taa.

Msafara unaingia Ijumaa jioni. Magari mawili, vioo vyeusi. Wanashuka, wanaagiza nyama choma, wanapiga stori. Mmoja anamwita dereva wa boda aliyepaki pembeni.

"Dogo, nasikia huku kuna swala."

"Wapo bosi. Ila lazima tumwone mzee mmoja kwanza, ndiye mwenye chombo."

"Poa. Sema bei."

Mzee mwenyewe ana gobore. Pengine lina kibali, pengine lilirithiwa kwa babu na halijawahi kuonwa na polisi. Dogo anaahidiwa elfu hamsini. Kwa mtu anayeendesha pikipiki ya mkataba na kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, hiyo ni hela ya siku kadhaa inayopatikana kwa usiku mmoja. Nani atamlaumu kwa kusema ndiyo?

Usiku ule ule wanaingia. Gari linamulika, mnyama anaduwaa kwenye taa, mzee anafyatua. Staa hajafyatua chochote, anashuka kupiga picha. Asubuhi nyama inagawanywa: paja moja linaingia kwenye deli la barafu nyuma ya gari, nyingine inabaki kwa mzee, na dogo anapewa furushi kwenye mfuko wa salfeti apeleke nyumbani kwa mama yake. Kufika mchana msafara umeshavuka Chalinze na picha iko hewani.

Sasa ile picha ni nini? Kwa staa ni kiki. Kwa mtu yeyote mwenye kazi ya kulinda wanyamapori ni ushahidi wa mahali pa kuanzia. Kuna sura ya nchi, kuna pikipiki nyuma, kuna kijana wa watu kwenye kona ya video anacheka. Askari wakianza kuuliza, hawataanzia Mikocheni kwenye geti lenye mlinzi na mbwa wawili. Wataanzia kwenye kijiwe cha boda.

NYAMA KILO MBILI, KESI MIAKA ISHIRINI

Hapa ndipo vijana wengi wa mjini hawajui kabisa. Wanadhani kukutwa na nyama ya swala ni kama kukutwa na samaki wadogo, unalipa faini, unaenda zako.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, wamewekwa chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Ngozi, pembe, jino, mfupa na nyama, vyote vinaitwa nyara za serikali. Ukikutwa navyo bila kibali, adhabu inaweza kuanzia miaka 20 na kufika 30. Na makosa haya huingizwa kwenye uhujumu uchumi, kundi lile lile la kesi zinazozoeleka kwa kauli ya "upelelezi haujakamilika". Mtu anaweza kukaa mahabusu muda mrefu kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani.

Tena thamani ya ile nyama haipigwi kwa bei ya kilo kama buchani. Inapigwa kwa bei ya mnyama mzima. Furushi la mboga ya siku mbili linasomwa mahakamani kama swala kamili aliyekuwa anatembea.

Mwaka 2023 nchi nzima iliongea kuhusu mama mmoja wa Iringa aliyehukumiwa miaka 22 kwa kukutwa na vipande 12 vya nyama ya swala, thamani yake ilitajwa kuwa shilingi laki tisa. Mitandao iliwaka. Mahakama Kuu ilimwachia baadaye. Lakini fikiria ile siku ya hukumu: mama mtu mzima anaambiwa miaka 22, kwa nyama ya kwenye ndoo. Na wapo wengi waliofungwa miaka 20 kwa nyara ambao hakuna aliyewatengenezea hashtag.

Halafu kuna pikipiki. Chombo kilichotumika kwenye kosa kinaweza kutaifishwa. Pikipiki ya mkataba sio ya dogo, ni ya tajiri, na tajiri hataki kusikia habari za staa. Anataka chombo chake au hela yake. Kwa hiyo hata dogo akitoka kesho yake, ametoka bila kazi na ana deni.

Na ushahidi nao una ugumu wake. Kwenye nyara, anayetakiwa kuonyesha kwamba alizipata kihalali ni aliyekutwa nazo. Dogo ataonyesha nini? Ataonyesha meseji ya sauti ya "oya dogo tupo njiani"? Namba yenyewe ilikuwa ya chawa, na chawa ameshabadili laini.

"NI UTAMADUNI WETU"

Ukisoma komenti za mashabiki, utetezi wa kwanza ni huu: acheni uzungu, kuwinda ni utamaduni wetu, mababu waliwinda bila leseni.

Sawa. Twende kwa mababu, na twende kwa mababu wa pale pale.

Kitabu cha Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy kinamsimulia Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu, nchi ya milima ambayo leo iko wilaya ya Kilindi, ile iliyomegwa kutoka Handeni. Mbegha hakuwa mwindaji wa picha. Alikuwa akiwinda nguruwe pori, mnyama anayemaliza shamba la mtu kwa usiku mmoja. Alikuwa na mbwa wake, alikuwa na wenzake, na alijua anachofanya.

Simulizi hiyo inasema alipokuwa Kilindi alifanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa pale. Kijana alimpenda Mbegha, akapenda mambo yake, akataka na yeye awemo. Akaenda naye kuwinda. Nguruwe akamuua yule kijana. Mbegha, pamoja na umaarufu wake wote, ilibidi akimbie nchi, maana alijua kurudi na maiti ya mtoto wa mkubwa kuna maana gani.

Wanaopenda kutaja utamaduni hawaifiki hiyo sehemu. Toka zamani watu wa huku walijua kwamba mgeni wa kuwinda anaweza kufa, na kwamba aliyempeleka ndiye atakayebeba msalaba. Leo imegeuzwa. Mgeni anarudi mzima na picha yake, na aliyempeleka anabeba msalaba peke yake.

Na Mbegha alipanda vipi hadi Wasambaa wakamfanya mkubwa wao Vuga? Aliua wanyama waliokuwa wanasumbua watu na nyama akawagawia. Wao wakampa chakula cha shambani, yeye akawapa kitoweo. Ufalme mzima ulianzia kwenye nyama iliyogawanywa. Je, hawa wa sasa wanagawa nini? Paja liko kwenye deli la barafu linaelekea pati ya Masaki, na mkulima wa kijijini ambaye nguruwe pori wanamlia mahindi kila usiku hajapata hata mtu wa kumpigia baragumu.

Kuna wengine wanakimbilia Ziwa Eyasi kwa Wahadzabe. Wanaamka alfajiri, wanakimbia nyuma ya wawindaji dakika kumi, wanapewa upinde, wanapiga video, halafu wanajiita wawindaji. Mtoto wa Kihadzabe anashika upinde angali mdogo sana, anaanza na ndege na vinyama vidogo, na anatumia miaka kujifunza nyayo, upepo na subira. Mtu mwenye miaka 30 aliyekaa nao asubuhi moja hajaanza kuwinda. Ametembelea watu kazini kwao.

"MBONA WAZUNGU WANAWINDA?"

Huu ndio utetezi wenye nguvu, na hauwezi kupuuzwa. Kila mwaka kuanzia Julai Mosi msimu unafunguliwa na wageni wenye pesa wanashuka nchini, wanawinda nyati na simba kwenye vitalu, wanapiga picha zile zile, wanaondoka na pembe kwenye makasha. Kijana wa Kitanzania anaangalia na kujiuliza: nchi ni ya nani? Kwa nini mgeni aitwe mtalii na mimi niitwe jangili?

Swali ni halali. Lakini jibu lake linawaumbua mastaa hawa kuliko mtu mwingine yeyote. Yule mgeni amelipa. Amelipia leseni, amelipia kila mnyama, ametembea na mwindaji bingwa aliyeidhinishwa na ofisa anayesimamia, na akipiga mnyama ambaye hayumo kwenye kibali chake kuna kesi. Mtu anaweza kuuchukia utaratibu huo, na wapo wengi wanaouchukia kwa sababu nzuri, ila upo.

Na Mtanzania naye ana mlango wake, tena wa bei nafuu kuliko wa mgeni. Unaitwa uwindaji wa wenyeji. Umewekwa kwa ajili ya mwananchi anayetaka kitoweo. Staa mwenye uwezo wa kukodi magari mawili na kununua nguo za mabaka anaweza kuulipia. Hakuzuiwa na mtu. Amechagua tu njia ambayo mwingine ndiye anayelipa.

Ambao hawawezi kulipa ni watu wa vijijini, na hao ndio wanaojaa magereza. Kama staa anataka kulia kwamba sheria ni kali kwa mnyonge, na kweli ni kali, apaze sauti kwa ajili yao. Ana wafuasi kibao. Atumie ukurasa ule ule kusema leseni za wenyeji zitangazwe mpaka mtu wa kijijini azijue, na maelekezo yabandikwe kwenye ofisi za kata na kwenye simu za vijana, kwa Kiswahili chepesi, bei ikiwa wazi. Hiyo ingekuwa kiki yenye faida.

ANAYETAKA KUANZA KWELI AANZE HIVI

Maana wapo vijana ambao hawataki kiki. Wanataka kweli kujifunza, na wanapoona mastaa wakifanya ovyo wanadhani ndivyo inavyofanyika. Sivyo.

Kwanza ni pori. Hakuna pori lisilo na mwenyewe. Ukitoka Korogwe kuelekea Same kuna Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ukishuka kuelekea baharini kuna Saadani. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda, iwe una leseni au huna, uwe mwenyeji au mgeni. Nje yake kuna mapori ya akiba, mapori tengefu, hifadhi za misitu, ardhi za vijiji, mashamba ya mkonge na malisho ya wafugaji. Kila moja lina taratibu zake. Kichaka kinachoonekana kitupu kutoka barabarani kinaweza kuwa na wachungaji watatu na watoto wao.

Pili ni ofisi. Mlango wa kuanzia ni ofisa wanyamapori wa halmashauri, na TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2016. Hapo mtu anauliza: ni eneo gani limefunguliwa kwa wenyeji, ni wanyama gani, bei gani, lini hadi lini. Leseni inataja mnyama. Ukiwa na leseni ya swala ukapiga pofu, umevunja sheria. Kanga na kwale nao wamo kwenye utaratibu, sio kwamba ndege ni wa bure. Twiga haguswi na mtu, ni alama ya taifa.

Tatu ni bunduki. Umiliki wa silaha unasimamiwa na sheria ya mwaka 2015, na maombi yanaanzia serikali ya mtaa au kijiji unapojulikana, yanapita polisi na kamati za usalama. Wanataka kujua tabia yako, na hiyo ni sahihi kabisa. Kibali cha bunduki ni cha mtu kwa jina lake. Hakiazimwi kama chaja. Mzee anayetoa gobore lake kwa elfu ishirini anaweza kulipoteza na yeye mwenyewe akaingia ndani.

Nne ni shabaha, na hapa ndipo wanaoanza wanaruka wote. Ujerumani mtu hapewi leseni ya kuwinda mpaka afaulu mtihani: maandishi, mdomo na vitendo, na kulenga shabaha. Anaulizwa mnyama huyu ana umri gani, jike au dume, ugonjwa wake unaonekanaje, risasi ikimkosa inaenda wapi. Huku kwetu mtu aliyeshika bunduki mara ya kwanza Ijumaa anataka kuua Jumamosi. Kabla ya kumwelekezea mnyama mtutu, mtu apige karatasi. Apige mpaka achoke, chini ya anayejua, mahali panaporuhusiwa.

Tano ni namna. Sheria inakataza kuwinda kwa kumulika taa usiku, kukimbiza mnyama kwa gari, sumu, mitego ya waya na mashimo. Inakataza kuua watoto wa wanyama na majike yenye mimba. Zile video za taa za gari usiku zinazopigiwa makofi mitandaoni ni makosa matatu kwenye klipu moja. Na hata aliyewahi kuwinda kihalali maisha yake yote atasema mnyama aliyeduwazwa na taa hajawindwa. Ameuawa tu.

Sita ni baada ya risasi. Mnyama hafi kama kwenye sinema. Akipigwa vibaya anakimbia na jeraha, anaenda kufia kichakani baada ya siku mbili kwa maumivu, au, akiwa nyati au nguruwe pori, anabaki pale akimsubiri mtu wa kwanza atakayepita. Huyo mtu wa kwanza atakuwa mama anayetafuta kuni, sio staa. Mwindaji anayejiheshimu anafuata damu mpaka mwisho, na akishindwa anatoa taarifa. Mgeni wa wikiendi ana muda gani wa kufuata damu? Jumapili ana shoo.

Saba ni nyama yenyewe. Nyama ya porini inaweza kuwa na kimeta na magonjwa mengine yanayomhamia mtu, kwa hiyo inatakiwa ikaguliwe. Na iliyopatikana kwa leseni ya kitoweo sio ya kuuza. Anayetamani ladha tu, bila bunduki, serikali ilitoa kanuni za mabucha ya nyamapori mwaka 2020. Anaingia kwenye bucha lenye kibali, ananunua, anadai risiti, anaitunza mpaka amalize kula. Hakuna anayekamatwa kwa swala mwenye risiti.

Ndiyo, ni mlolongo mrefu. Unachosha. Mtu anaweza kumaliza msimu mzima bado anafuatilia makaratasi. Lakini mlolongo huo ndio tofauti kati ya mwindaji na mtu aliyepita tu na bunduki ya mwenzake.

NA VIJANA WA MANUNDU NAO WASIKIE

Isiwe lawama zote ziende Dar. Kuna vijana pale wameshaufanya huu kuwa mchongo kabisa. Wanajiita magaidi wa porini, wanabadilishana namba za mabosi, wanajisifu kijiweni nani kampeleka nani. Wanajua fika kwamba ni kosa, ila wanaamini bosi mwenye jina atawatoa.

Hatawatoa. Mtu anayehifadhi jina lake kwenye mabango ya kampuni za soda hawezi kwenda Korogwe kusema "huyu dogo nilimtuma mimi". Mwanasheria wake ndiye wa kwanza kumwambia akae kimya. Picha itafutwa, itawekwa nyingine yuko ufukweni amevaa nyeupe, na maisha yataendelea. Dogo atakuwa anasikiliza nyimbo zake kwenye redio ya mahabusu.

Elfu hamsini ni hela, hakuna anayebisha. Lakini ikigawanywa kwa miaka 20 haifiki hata shilingi saba kwa siku. Hakuna tajiri wa pikipiki, hata awe mkali vipi, aliyewahi kumlipa mtu vibaya kiasi hicho.

Na kwa wazee wenye magobore: nguruwe pori na ngedere wanamaliza mashamba, hilo linajulikana. Njia ipo ya kumwita ofisa wanyamapori, na kwa hasara inayotokana na wanyama wakali na waharibifu kuna kifuta jasho na kifuta machozi, hata kama ni kidogo na kinachelewa. Kudai hicho kwa sauti kuna maana zaidi kuliko kumkodishia mtoto wa watu mtutu ili apige picha.

MASHABIKI NDIO WENYE RIMOTI

Mwisho wa yote, hii biashara haiendeshwi na njaa ya nyama. Staa ana friji imejaa. Inaendeshwa na wanaotazama. Ile picha ya mguu juu ya mnyama isingepigwa kama ingepata likes kumi na mbili. Inapigwa kwa sababu kila ikipigwa watu wanapagawa, wanaita "simba", wanaita "mwamba", wanaandika "huyu ndiye mwanaume". Kwani mwanaume ni yule anayemwachia kijana wa miaka 22 kesi yake?

Mashabiki hawahitaji kususa wala kutukana. Wanahitaji swali moja. Siku staa yeyote atakapoposti mnyama aliyelala, komenti ya kwanza, ya pili na ya mia iwe ni hiyo hiyo: leseni iko wapi? Aliyewinda kihalali atafurahi kuulizwa, maana aliifuatilia kwa jasho na atataka ionekane. Ataipiga picha aiweke, tena atamtaja na mwenyeji aliyemwongoza kwa jina lake na malipo yake halali. Asiye nayo ataifuta post kabla chai haijapoa.

Na swali la pili, kwa wale watakaofuta: yule dogo wa kwenye kona ya video, mwenye pikipiki nyekundu, yuko wapi leo?

Wadau, uwanja ni wenu. Shukeni na maoni hapo chini, matusi hapana.